Kurudi Mezani: Namna ya Kuanza Tena Kuunda Modeli za Roboti za Plastiki

Mtu aliyeacha kuunda modeli za roboti kwa miaka kumi au ishirini hukuta mambo mawili yamebadilika siku anaporudi. Plastiki imekuwa bora kuliko alivyoiacha, na mikono yake imekuwa mizito kuliko alivyoiacha. La kwanza humvuta anunue seti kubwa kuliko zote. La pili humfanya aiharibu seti hiyo ndani ya saa moja, kwa kovu jeupe katikati ya kifua au kipini, yaani kijiti cha kuunganishia, kilichovunjikia ndani ya bega.

Kwa hiyo hapa tunaanza na mikono. Ustadi wenyewe haujafa, ila unahitaji seti moja ndogo, zana chache zenye makali, na kujua kwa nini kila hatua hufanywa vile inavyofanywa. Mengi ya yanayofuata yanahusu seti za Gundam, roboti za katuni ya Kijapani, kwa sababu ndizo zilizoenea zaidi, lakini kanuni ni zilezile kwa roboti za kampuni nyingine kama Kotobukiya na Hasegawa.

Kilichobadilika ulipokuwa mbali

Seti ya kwanza ya Gundam ilitolewa na kampuni ya Bandai nchini Japani mwezi Julai 1980. Ilikuwa RX-78-2, roboti mkuu wa katuni hiyo, ya kipimo cha 1/144, ikauzwa yeni 300. Ilihitaji gundi, na sehemu kubwa ya rangi ilibidi mjenzi aiweke mwenyewe. Daraja la High Grade, yaani HG, likaja 1990. Master Grade, MG, ya kipimo cha 1/100, ikaja 1995. Real Grade, RG, ambayo hubana mambo mengi mno ndani ya 1/144, ilianza 2010. Entry Grade ya RX-78-2 iliyotoka 2020 imeundwa hivi kwamba vipande hukatika kwa kusokotwa na vidole tu, bila chombo chochote.

Seti ya leo huja na vipande vya rangi tofauti vinavyoingiana kwa kubana. Ukiikata vizuri na kuipulizia tabaka moja la mwisho lisilo na rangi, inapendeza hata bila rangi ya ziada. Hili libadilishe hesabu zako: kazi kubwa ya zamani ilikuwa kupaka rangi, kazi kubwa ya sasa ni kusafisha vipande.

Badiliko jingine limejificha. Viungo vya zamani vilitegemea vikombe vidogo vya plastiki laini, polikepu, vilivyokaa ndani ya mabega, magoti na nyonga. Seti nyingi mpya hazina polikepu kabisa, viungo vyake ni plastiki ngumu juu ya plastiki ngumu. Vinashika vizuri, lakini havisamehi rangi. Tabaka nene juu ya kiungo cha namna hiyo hukwama kwanza, halafu huchubuka.

Seti ya kurudia

Chukua HG ya miaka ya karibuni. RX-78-2 ina urefu wa mita 18 kwenye hadithi yake, kwa hiyo kwa 1/144 inasimama kama sentimita 12.5 mezani. Vipande vyake ni vikubwa vya kutosha kushikika na vichache vya kutosha kumalizika kwa jioni mbili au tatu. MG ya 1/100, yenye kimo cha kama sentimita 18, ina kiunzi cha ndani na vipande vingi zaidi. Iwe ya pili au ya tatu. Perfect Grade, PG, ya 1/60, sentimita 30, isubiri.

Tunaonya hasa kuhusu RG. Ukubwa wake unafanana na wa HG, na sura yake kwenye sanduku inashawishi, kwa hiyo warudio wengi huiangukia. Lakini vipande vyake ni vidogo sana, stika zake ni ndogo kuliko punje ya mchele, na kila kipande kina makovu ya kusafisha sawa na cha kikubwa. Mkono uliolala miaka kumi hautaifurahia.

Na ile roboti uliyoitamani tangu utotoni? Inunue ukitaka, kisha uiweke kando mpaka umalize mbili nyingine. Seti ya ndoto ikiwa ya kwanza, makosa yote ya kujikumbusha yatabaki juu yake.

Kama una masanduku ya zamani

Polistirini, plastiki ya vipande vingi, haiozi. Seti iliyokaa kwenye sanduku miaka ishirini mahali pakavu na penye giza kwa kawaida bado inajengeka. Kabla hujakata chochote, hesabu fremu zote, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshika vipande, ukilinganisha na mchoro wa vipande ulio kwenye kijitabu, maana kugundua baadaye kwamba fremu B haipo ni uchungu. Kisha angalia haya.

Vipande vyeupe vilivyopata mwanga wa jua huwa na umanjano, na msasa wa juujuu haumalizi tatizo. Hivyo vitahitaji rangi. Vipande virefu kama mapanga na mitutu huenda vimepinda. Vitumbukize kwenye maji ya moto ambayo hayajachemka, vinyooshe taratibu, kisha vipoze kwenye maji baridi ukiwa bado umevishika. Dekali za maji, yaani alama nyembamba zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa, huwa zimegeuka manjano: zifunge ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ubandike dirishani zikitazama jua kwa siku kadhaa, na mara nyingi ukingo wa manjano hufifia. Jaribu dekali moja isiyo muhimu kabla ya kugusa nyingine, kwa sababu za zamani hupasuka majini.

Tazama pia kama kuna mabomba au vipande vya vinili laini vilivyolala juu ya plastiki ngumu. Kilainishi kilichomo kwenye vinili huhama na kuilainisha polistirini, na alama yake haifutiki bila kujaza na kupiga msasa. Vitenganishe leo, hata kama hutajenga mwaka huu.

Gundi ya zamani itakuwa imekauka, tupa. Rangi ya laka iliyoganda kidogo hufufuka kwa thina yake. Akriliki iliyogeuka kama jeli haifufuki.

Zana

Kinachohitajika kweli ni plaizi ya kukatia plastiki, kisu cha kuchongea chenye wembe wa kubadilisha, msasa wa namba 400, 600, 800 na 1000, kibano, na mkeka wa kukatia. Ongeza kalamu moja ya kutia wino kwenye mifereji ya modeli na kopo moja la kupuliza la tabaka la mwisho lisilong'aa. Hivyo vinatosha seti nzima.

Fedha nyingi ziende kwenye plaizi. Isiwe ya kukatia nyaya: ile ina makali mazito pande zote mbili, hubana plastiki mpaka ipasuke badala ya kuikata. Plaizi ya modeli ina upande mmoja ulio bapa kabisa, nao ndio unaoelekea kwenye kipande. Plaizi ya kampuni ya Tamiya yenye ncha kali ni mfano mzuri wa kuanzia na hudumu miaka. Zile za upande mmoja wa makali, kama GodHand SPN-120, hukata kama siagi, lakini wembe wake ni mwembamba na huvunjika ukikata vikonyo (vishikio vya kipande kwenye fremu) vinene au plastiki ngumu. Anayerudi leo asianze nazo, mkono wake bado unapinda plaizi wakati wa kukata, na huko kupinda ndiko kunakoivunja.

Wembe wa kisu ubadilishwe mapema. Wembe butu ndio unaokata watu, kwa sababu unalazimisha nguvu, na nguvu ikiteleza huishia kwenye kidole gumba.

Kukata

Hapa ndipo modeli nzuri na mbaya hutengana, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kila kipande kimeshikwa kwenye fremu yake kwa vikonyo, kama embe kwenye tawi. Mrudio hukumbuka kukata kikonyo karibu kabisa na kipande kwa mkato mmoja, amalize. Usifanye hivyo. Makali ya plaizi yana umbo la kabari. Yakiingia kwenye kikonyo, plastiki inasukumwa pembeni. Kipande kikiwa bado kimefungwa kwenye fremu, msukumo huo hauna pa kwenda ila ndani ya kipande chenyewe. Matokeo yake ni doa jeupe la mkazo, au shimo dogo ambapo plastiki imeng'oka.

Fanya mikato miwili. Wa kwanza uwe mbali, ukiacha kama milimita 3 za kikonyo kwenye kipande. Kata vikonyo vyote vya kipande hicho hivyo hivyo mpaka kiwe huru mkononi. Sasa kata mara ya pili, upande bapa wa plaizi ukitazama kipande, ukiacha nusu milimita. Kwa kuwa upande wa pili wa kikonyo uko huru, unasukumwa huko na kipande hakipati mkazo.

Nusu milimita iliyobaki iondolewe kwa kisu, kwa kuchonga magamba membamba, matatu au manne, si kwa mkato mmoja. Gumba la mkono unaoshika kipande lisukume mgongo wa wembe. Mkono wa kisu uongoze tu. Acha unene wa karatasi, kisha msasa umalize: 600 kwanza, 800, halafu 1000. Namba 400 ihifadhiwe kwa mishono, yaani mahali nusu mbili za kipande hukutana, na vikonyo vikubwa. Bandika msasa kwenye kijiti bapa unapofanya kazi kwenye uso ulionyooka, maana kidole ni laini na hula kingo mpaka roboti inaonekana kama sabuni iliyotumika.

Ukiona shimo dogo badala ya kovu, umekata karibu mno. Ukiona weupe, sugua kwa ukucha kwa nguvu kiasi. Weupe mdogo hurudi nyuma. Kwenye plastiki nyeusi, bluu ya giza na nyekundu, msasa wenyewe huacha kivuli cha kijivu. Usihangaike kukiondoa kwa kuendelea mpaka namba 2000. Tabaka la mwisho lisilong'aa hufanya uso mzima uwe na mng'ao mmoja, na kivuli kinamezwa.

Vipande vinavyopitisha mwanga vina kanuni yake. Ni vigumu na hupasuka kama kioo, na ufa ukiingia ndani hauondoki. Acha milimita nzima, usitumie kisu, punguza kwa msasa pekee, kisha panda mpaka 1500 na 2000 na umalizie kwa dawa ya kung'arishia. Vipande vilivyopakwa chuma kiwandani visiguswe msasa kabisa upande unaoonekana. Kwa kawaida vikonyo vyake vimewekwa chini, upande unaofichwa, na kazi yako ni kuhakikisha umevikata usawa ili vipande viweze kufungana.

Kuunganisha

Herufi kwenye kijitabu ni jina la fremu, namba ni ya kipande. Kata vipande vya hatua moja tu, au vya kiungo kimoja kama mkono, uvisafishe, uviunganishe, ndipo uendelee. Kukata seti nzima kwanza huonekana kama kuokoa muda. Kinachofuata ni kutafuta C2-17 kati ya vipande mia mbili vya rangi moja, na mkono wa kulia na wa kushoto vimeshachanganyika.

Kabla ya kubana nusu mbili, jiulize maswali mawili. Kama seti ina polikepu, imo? Imeelekea upande sahihi? Kosa linalojirudia kuliko yote ni kufunga goti au bega bila polikepu yake, na nusu zilizobana vizuri hazifunguki kirahisi. La pili ni kipini kilichogeuzwa: vipande vingi vina alama au pembe moja iliyokatwa inayoonyesha upande wa mbele, na kijitabu huionyesha kwa mshale.

Bana kwa gumba mbili, ukisogea kutoka kipini hadi kipini. Nusu zikikataa kukutana, usiongeze nguvu. Fungua utazame uso wa ndani: karibu kila mara kuna mabaki ya kikonyo mahali pa kukutania. Yakiondolewa, pengo linafungika lenyewe. Meno yasitumike, na plaizi ya kushikia itumike tu ikiwa imefungiwa kitambaa.

Ukijua utaifungua tena ili kupulizia, kata ncha ya kipini kwa mshazari, kama theluthi moja ya urefu wake. Itashika vya kutosha kwa kujaribu na itafunguka bila kugombana. Ufunguo wa kutenganisha ni kabari ya plastiki nyembamba, si bisibisi. Bisibisi huacha tundu kwenye mshono linaloonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Kipini kikivunjika, angalia kwanza ni plastiki gani. Kwenye fremu kuna kibao kidogo chenye maandishi: PS ni polistirini, ABS ni ile ngumu ya viungo, PE ni polikepu. Kwa PS tumia gundi nyepesi ya plastiki kama Tamiya Extra Thin, ambayo huyeyusha pande zote mbili na kuzifanya kitu kimoja. Shika nusu dakika, acha saa 24. Kwa ABS tumia gundi iliyotengenezwa kwa ABS, au supaglu. Kiungo kinachobeba uzito hakitadumu kwa gundi peke yake: toboa tundu la milimita 1 pande zote mbili na utie kijiti cha shaba cha unene huo. PE haishikwi na gundi yoyote ya kawaida, tafuta polikepu mbadala kutoka fremu ya ziada. Seti nyingi zina polikepu zisizotumika, na ndiyo sababu zisitupwe.

Supaglu isikaribie vipande vinavyopitisha mwanga. Mvuke wake huviacha na ukungu mweupe.

Mishono

Wabunifu wa seti za leo huficha mshono kwa kuufanya uonekane kama mstari wa paneli, yaani mfereji mwembamba unaogawa mabamba ya roboti. Kwa hiyo, kwenye seti ya kwanza ya kurudi, uache. Anayetaka kuuondoa kwenye mtutu wa bunduki au kwenye paja apake gundi nzito pande zote mbili, asubiri sekunde kadhaa, abane mpaka ute wa plastiki utoke kidogo kwenye mshono, kisha asiguse kwa siku mbili au zaidi. Ndipo apige 400, 600, 800. Kukosa subira hapa kuna adhabu inayochelewa: ute ambao bado una kimiminika ndani huonekana laini leo, lakini kinapoendelea kuyeyukia hewani plastiki hushuka, na baada ya wiki kuna bonde dogo palipokuwa mshono.

Mistari ya paneli

Mifereji iliyochongwa juu ya deraya ya roboti ikijazwa wino, kitu kilichoonekana kama kikombe cha plastiki huanza kuonekana kama mashine. Hakuna hatua inayolipa zaidi kwa dakika ishirini.

Rangi ya wino ifuate plastiki. Nyeupe hupendeza kwa kijivu. Nyeusi juu ya nyeupe huifanya iwe kama mchoro wa katuni. Nyekundu, manjano na chungwa hutaka kahawia. Nyeusi iwekwe kwenye kijivu na bluu. Kwa kalamu ya ncha nyembamba, kama Gundam Marker GM01 nyeusi, GM02 kijivu na GM03 kahawia, fuata mfereji, subiri dakika chache, kisha futa kilichomwagika kwa kifutio au pamba iliyofungwa kwenye kijiti, ukivuta kukatiza mfereji. Ukifuta kwa kufuata mfereji, unautoa wino uliouweka.

Wino wa inameli, kama Panel Line Accent Color ya Tamiya, hukimbia wenyewe ndani ya mfereji ukigusisha ncha ya brashi, na kazi yake ni safi kuliko ya kalamu. Lakini ndio unaovunja modeli nyingi za warudio. Thina ya inameli hupenya kwenye plastiki iliyo kwenye mkazo, na seti inayoshikana kwa kubana ina mkazo kila mahali palipo na kipini. ABS ndiyo hupasuka upesi zaidi, na polistirini nayo haikingiki. Kifundo cha mguu hukatika chenyewe usiku, hujagusa. Kinga yake ni kupulizia kwanza tabaka la laka inayong'aa, kupaka vipande vikiwa vimetenganishwa, kutumia tone badala ya mafuriko, na kuacha vikauke kabisa kabla ya kuvibana tena. Kama huna laka, tumia kalamu.

Stika na dekali

Stika za karatasi ya fedha, hasa za macho, ziwekwe kabla ya kufunga kichwa. Zitoe kwa ncha ya kisu, zipeleke kwa kibano, kisha zikandamize kwa kijiti cha meno kutoka katikati kwenda pembeni. Mafuta ya vidole hufanya kingo zinyanyuke baada ya miezi michache. Stika zinazopitisha mwanga zina ukingo mpana unaometameta. Ukate karibu na mchoro.

Dekali za maji ni kazi nyingine, na ni bora zaidi, kwa sababu ukingo wake hupotea chini ya tabaka la mwisho. Uso uwe laini na unaong'aa, maana uso wenye mikwaruzo hunasa hewa chini ya dekali na kuifanya ionekane kama ina fedha. Kata moja, iloweshe kwa sekunde 10 hadi 15, iweke juu ya karatasi yenye unyevu mpaka iteleze. Tia tone la maji mahali pake, isogeze kutoka kwenye karatasi, iweke sawa kwa brashi, kisha nyonya maji kwa pamba kutoka katikati. Penye mpindo, tone dogo la dawa ya kulainisha, kama Mr. Mark Softer, huifanya ilale. Dekali itajikunja kwanza na kutisha. Usiiguse, itajinyoosha. Acha usiku mzima.

Zisiwe nyingi. Alama kumi zilizonyooka zinashinda arobaini zilizojaa kila mahali, na zaidi ya hapo zinaonekana kama gazeti.

Tabaka la mwisho

Puliza tabaka lisilong'aa baada ya mistari na dekali. Tenganisha modeli kwa sehemu: kichwa, kifua, mikono, kiuno, miguu, silaha. Ondoa vipande vinavyopitisha mwanga na stika za fedha, au vifunike kwa mkanda wa kuzuia rangi, kwa sababu tabaka hili litavipa ukungu. Shikiza kila sehemu kwenye kijiti chenye kibanio.

Tikisa kopo kwa dakika mbili. Kama hewa ni ya baridi, liloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40. Umbali uwe sentimita 20 hadi 30. Anza kupuliza nje ya kipande, pita juu yake, achia kidole ukiwa umeshakivuka: matone makubwa hutoka kopo linapoanza na linapoacha. Mapito mawili membamba, subiri dakika kumi na tano, mapito mengine mawili. Ukiona uso umelowa na kung'aa kama umemwagiwa maji, umezidisha, na laka nyingi namna hiyo huweza kuikunja dekali.

Siku yenye unyevu mwingi, usipulize. Kimiminika kinapoondoka hupoza uso, unyevu wa hewani hujikusanya juu yake, na roboti inabaki na ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Ikitokea, usipige msasa. Subiri siku kavu upulizie tabaka jembamba la kopo lilelile. Mara nyingi linayeyusha lile la kwanza na ukungu unaondoka.

Laka, kama Mr. Super Clear, ina mvuke mkali. Ipulizwe nje au penye hewa inayotoka, na barakoa iwe yenye kichujio cha mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi huzuia vumbi, mvuke unapita. Wanaoishi na watoto au ndege chumbani watumie kopo la aina ya maji, linalotosha kabisa kwa kazi hii, nalo pia lipulizwe mbali nao.

Viungo vinavyolegea

Baada ya kuirekebisha mikao mara nyingi, nyonga au bega hulegea. Kwa kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoingia tunduni, paka utando mwembamba wa supaglu juu ya kichwa hicho, nje ya tundu, acha ukauke kabisa kwa saa kadhaa, ndipo uingize. Kukiingiza kikiwa kibichi ni kukifunga milele. Utando ukizidi, punguza kwa msasa wa 1000, maana kiungo kilichobana mno huvunja shingo ya kichwa hicho na hapo umerudi kwenye kijiti cha shaba.

Unapobadilisha mkao, shika karibu na kiungo chenyewe, pande zake mbili. Kushika bunduki ili kuinua mkono hupeleka nguvu yote kwenye kifundo, ambacho ndicho chembamba kuliko vyote. Ikisimama rafuni, iwe mbali na dirisha lenye jua, na vumbi liondolewe kwa brashi laini kila wiki chache kabla halijashikana na tabaka lisilong'aa, kwa sababu uso huo una vinyweleo vidogo na vumbi la mwaka mzima hutoka kwa maji ya sabuni tu, sehemu kwa sehemu, modeli ikiwa imetenganishwa tena.